Maji ya Siku ya Wageni

Kila kitu kiliharibika tarehe makumi mbili na moja, mwezi wa kumi na moja, mwaka 2023, siku ya kazi mbili, ni kusema Jumanne, saa ine ya asubuhi. Ninaandika tarehe kamili kwa sababu wakubwa wanapenda tarehe. Ukiwaambia muke yako alikufa, neno la kwanza wanakuuliza ni "lini?" Basi, hiyo hapo.

Robine, ile bomba ya maji ya mutaa wetu wa Kasha, ilikuwa na siku ya tisa bila tone. Agathe alichukua bidon mbili za manjano za kuchotea maji, akateremuka kwenye chanzo ya zamani, kule chini ya korongo, fasi wakina nyanya yetu walikuwa wanachota maji mbele bomba haijaletwa. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu. Udongo ulitelemuka. Walimutoa mbele ya saa sita, mukono bado umeshika bidon moja. Ile bidon niko nayo mupaka leo. Haina hata ufa.

Na kule juu, karibu na kanisa, robine ilikuwa imesimama na kibao chake cha bluu. Kibao kinasema watu elfu mbili wanapata maji safi. Mimi niliishia mwaka wa tano wa shule ya musingi, lakini kuhesabu najua. Elfu mbili, toa moja.

Ninalaumu wakubwa, na sina haya ya kusema. Ninalaumu shirika lenye lilileta ile robine na magari yake meupe. Ninalaumu chef wetu wa avenue, ni kusema mukubwa wa mutaa, Polycarpe, mwenye alivaa kravati siku ya kukata utepe. Kwenye kilio alikuja na uso wa huruma, akanishika bega.

"Pole, muzee Bruno. Ni Mungu."

"Mungu hakukata utepe, chef," nikamwambia.

Alinywa chai yake haraka, akaenda.

Kazi yangu ni sentinelle. Ninalinda parcelle moja ya Nyalukemba yenye iko na ofisi mbili na sale kubwa ya mikutano. Nafungua mulango, nafunga mulango, naandika watu na magari mu daftari, na chini ya kila ukurasa naweka sahihi yangu: B moja yenye mistari mbili katikati, kama ngazi. Miaka kumi na moja. Nimeona mikutano juu ya maji ya watu, afya ya watu, mashamba ya watu. Wakubwa wakitoka, wanaacha chupa za maji nusu-nusu juu ya meza. Mimi ndiye nazikusanya, namwagia maua.

Sasa, mwezi wa ine wa mwaka 2024, kundi la vijana lilikuja kupiga mukutano mu ile sale. Nyuma yao nikaona mutoto wangu wa kwanza, binti yangu Carmel, mwenye alikuwa amemaliza chuo kikuu tangu miaka miwili na bado anakaa nyumbani kama sufuria safi isiyo na chakula.

"Kumbe weye? Unatafuta nani huku?"

"Natafuta réseau, papa. Ile ya bavijana évaluateurs. Nilikuambia jana, ukasema mm."

"Ni kazi?"

"Bado. Ni umoja wa benye wanajifunza ile kazi. Tunafundishana, na bakubwa ba kazi wanatusaidia."

"Kazi gani, mama?"

"Mutu akisema alijenga, sisi tunaenda kuangalia kama alijenga. Akisema batu banakunywa, tunauliza bale batu kama banakunywa."

"Na mutu asome miaka tano juu ya kuuliza mutu kama anakunywa maji!"

Kijana mumoja murefu, mwenye kubeba kibegi mbele ya kifua kama mama na mutoto, alicheka. Ndiye alikuwa anaongoza ile réseau, jina lake Ulrich.

"Muzee," akasema, "kuuliza iko bwepesi. Kazi iko ku kusikia."

Nikaandika: Ulrich, saa tatu na dakika kumi. Kama daftari ingekuwa na fasi ya kuandika kiburi, ningeliandika.

Lakini mutoto aliingia mu ile mambo na miguu mbili. Kila siku ya posho, Jumamosi, yuko na wenzake. Alibandika karatasi ya sheria zao ku ukuta, juu ya kitanda chenye mama yake alikuwa analalia, na akanisomea zote, hata zile zenye sikutaka. Moja nilishika: kama kuna jambo linakugusa wewe mwenyewe ao mutu wa kwenu, liseme mbele, halafu uachie wengine wapime. Nikamwambia ni sheria ya watu wenye hawana wa kwao.

Mwezi wa sita, réseau ilipewa kazi ya kujifunza nayo: kuchagua muradi moja wenye ulishaisha, kurudi pale, kuangalia kama kitu kimebakia. Carmel aliinua mukono. Akasema: maji ya Kasha.

Alinieleza tukiwa tunachambua maharagi. Nikaacha maharagi.

"Ulibaambia juu ya mama yako?"

"Bado, papa. Nitabaambia siku ya kazi moja, ku mukutano."

"Usibaambie."

"Papa, sheria inasema..."

"Sheria ilikuwa wapi siku udongo ulitelemuka? Ukibaambia, batakutoa, bataweka mutoto wa mukubwa fulani mwenye hajabeba bidon hata siku moja. Nyamaza, weye. Andika. Weka jina la mama yako ndani ya ile rapport, na majina ya bakubwa pembeni, ili basome mbele ya batu bote."

Aliangalia karatasi ya ukuta. Kisha akapanda juu ya kitanda, akaibandua, akaikunja mara ine, akaiweka mu kitabu. Alinitii. Tangu utoto alikuwa ananitii.

Wiki sita walifanya kazi. Waliweka ndoo chini ya robine, wakashika saa mukononi. Siku ya kwanza ndoo ilijaa kwa dakika kumi na moja. Siku ya pili haikujaa. Siku ya tatu robine ilikohoa kama muzee wa tumbako, basi. Waliingia mu nyumba sitini. Nyumba yetu Carmel aliiruka, Ulrich akadhani tu tulikuwa tumefunga. Wanawake walisema yote: kurudi ku korongo, batoto kuchelewa masomo, migongo. Jioni Carmel alikuwa ananisomea, bila majina, na mimi natikisa kichwa kama mutu mwenye anasikia redio ikitangaza ushindi wa kwao. Nilinyoa ndevu. Tangu kilio sikuwa nimenyoa vizuri.

Kisha shirika likawapa karatasi zao za zamani, karton nzima, ili walinganishe. Ile siku Carmel alirudi nyumbani jua likiwa bado juu, akakaa mbele ya ugali, hakugusa. Aliangalia mikono yangu. Si uso, mikono.

"Papa, siku ya restitution usikuye."

Restitution ni ile siku wenye kupima wanarudisha mbele ya wote kile walikuta.

"Juu ya nini?"

"Nakuomba tu."

"Ile sale ni mimi nafungua. Na mama yako ni muke wangu. Nitakuya na nitakaa."

Nilivaa koti la ndoa yangu. Nilimwachia mwenzangu mulango, nikakaa mustari wa nyuma, na pembeni yangu nani anakuja kukaa? Polycarpe, na kravati. Mbele alikaa Monsieur Jacques, mwenye alikuwa anaongoza muradi wa maji wakati ule. Mikono safi, chupa ya maji mbele yake, imefunguliwa, imeonjwa, imeachwa.

Ulrich alisalimia watu. Kisha Carmel akasimama. Picha zilikuwa zinapita ku ukuta: ndoo, saa, korongo. Sauti yake ilikuwa ndogo. Alisema robine inatoa maji siku mbili kwa juma, tena kidogo. Alisema chanzo ya juu haitoshi, ilitakiwa chanzo ya pili yenye haikujengwa. Alisema watu wamerudi kule chini.

"Na mutu mumoja alikufa kule," akasema.

Mutu mumoja. Bila jina. Nikangoja.

Monsieur Jacques alisimama, akafunga kifungo cha koti. Alianza na kupongeza, kama wote wenye wanataka kupiga.

"Bavijana, mulifanya kazi nzuri. Lakini na sisi tulipima, mwezi wa pili mwaka 2023, miezi sita kisha robine kufunguliwa. Nyumba sitini. Hamsini na nane walisema maji inapatikana kila siku, na kwamba wameridhika sana. Chanzo ya pili ilikuwa mu mupango, ni kweli. Lakini watu wakisema inatosha, inatosha. Njo maana tuliipeleka upande wa Bunyakiri, fasi batu walituambia hawana kitu. Sisi tunafuata kile batu wanasema."

Sikujua nimesimama.

"Batu gani?" nikasema.

"Papa, utapewa neno..." Monsieur Jacques akaanza.

"Batu gani balisema? Miye niko wa Kasha."

"Na weye ni nani, papa?" akauliza.

"Miye njo mwenye kukufunguliaka mulango."

Sale ilicheka. Nikaacha wacheke.

"Na miye njo bwana ya ule mutu mumoja. Aliitwa Agathe."

Kicheko kilikatika. Ulrich aligeuka, hakuniangalia mimi, alimwangalia Carmel, kwa sababu alijua mimi ni baba yake. Mimi sikuona nimefanya nini. Nilikuwa na moto.

"Nionyeshe mutu mumoja wa Kasha mwenye alisema maji iko! Mumoja tu! Muko na makaratasi, toeni!"

"Majina hayatolewi, papa. Watu wenye wanajibu tunawalinda. Ni sheria."

"Sheria! Kila siku mutapata sheria ya kufunikia uwongo wenu!"

Polycarpe alinivuta koti. "Ikaa, Bruno. Nakuomba, ndugu yangu, ikaa." Nilidhani anaogopa juu ya kravati yake. Nikamupiga mukono.

Carmel alikuwa ameshikilia farde moja ya karatasi ku kifua, na mikono miwili. Mutoto angeliweza kunifunga kinywa na karatasi moja tu ya mule ndani. Alisema:

"Papa, ikaa."

Nikakaa. Mukutano uliisha bila makofi. Nje, karibu na kibanda changu, niliwasikia, yeye na Ulrich.

"Ni mama yako?"

"Ndiyo."

"Na sheria ulikuwa unaijua."

"Niliijua. Niliibandua ku ukuta."

"Carmel, kila kitu umeandika ni kweli, na sasa hakina nguvu. Batasema uliandika na machozi. Ile rapport haiwezi tena kutembea."

Nilitaka kutoka nimwambie ni mimi. Nikachukua daftari, nikaandika saa ya magari kutoka.

Nyumbani, Carmel alifungua farde, akaweka karatasi moja juu ya meza. Ilikuwa kopi yenye shirika liliwapa, majina yamefunikwa na wino mweusi. Alinisomea kama vile ananisomea barua ya mutu mwingine.

"Nyumba namba makumi tatu na moja. Baba, sentinelle, Nyalukemba. Batoto bane. Maji inapatikana kila siku? Ndiyo. Mumeridhika? Sana."

Chini kabisa, fasi watu waliweka sahihi ya kupokea sabuni ya kushukuru, walisahau kufunika. Pale kulikuwa B moja yenye mistari mbili katikati, kama ngazi.

Ukumbuko ni kitu kibaya, kinangoja pembeni ya mulango kama mudai. Mwezi wa pili mwaka 2023, Polycarpe alipita nyumba kwa nyumba. "Wageni watakuja siku ya kazi ine. Tutafunga vane ya bomba siku tatu, tangi ijae, wakute maji inaruka. Musitupatishe haya. Mukilalamika, batasema Kasha haina shukrani, hawatarudia na chanzo ya pili." Wote tulikubali. Ni hivyo tunafanya hapa: mugeni hawezi kukuta nyumba haijafagiliwa. Na ufunguo wa ile vane ulikuwa mugumu. Walimwita mutu wa mikono ya nguvu. Waliniita mimi.

Siku tatu zile, ili robine iwe nzuri, Agathe aliteremuka ku korongo asubuhi na jioni. Na ile siku ya kazi ine, kijana wa shirika alipokaa mbele yangu na makaratasi yake, jasho linamutoka, nyumba ishirini bado zinamungojea, Agathe alisimama ku mulango, mikono ndani ya kitenge.

"Bruno, mwambie."

"Mugeni anapewa kiti," nikamujibu. "Haambiwi njaa."

Akaingia ndani. Kijana alikuwa na visanduku viwili tu, ndiyo na hapana. Nilimusaidia amalize. Agathe alifulia shati langu la kazi na ile sabuni.

"Ulijua tangu karton ilifika," nikamwambia Carmel.

"Nilijua."

"Na haukunionyesha."

"Majina hayatolewi, papa."

Bado ninalaumu wakubwa. Sitaacha. Mutu anakuja kukuuliza, chef amesimama nyuma yake, robine inaruka kama harusi, na visanduku ni viwili. Huyo anatafuta jibu ao anatafuta sahihi? Nilimwambia Carmel hivyo, kwa sauti ya juu. Alinisikiliza mupaka mwisho. Kisha akasema kitu kimoja:

"Kulikuwa bawili benye balisema hapana. Ungelikuwa wa tatu."

"Ni banani?"

Akaikunja ile karatasi, akairudisha mu farde.

Ile wiki aliandikia réseau barua. Aliweka yote: mama, karatasi ya ukuta, kunyamaza kwake. Mimi hakuniweka. Hawakumufukuza, walimuondoa mu kazi ya Kasha, na mwaka moja hatapima kitu, atafagia sale na kuandika mahudhurio. Ulrich alisema ataanza upya yeye mwenyewe, nyumba sitini, toka namba moja. Kama majibu yatakuwa yale yale ya vijana, atayapeleka kwa Jacques na juu ya Jacques, na chanzo ya pili itaombwa tena. Kama Kasha itasema tena kile ilisema mbele ya wageni, mambo yamekwisha, na Agathe hatakuwa mu karatasi yoyote.

Polycarpe alijua siku. Hapa kwetu siku ya wageni haifichiki. Alipita tena nyumba kwa nyumba, na alipofika kwangu hakuingia.

"Muzee Bruno, tukisema sasa hapana, batauliza juu ya nini mbele tulisema ndiyo. Batatuita bawongo. Hata hii kidogo batakuja kung'oa."

"Ufunguo sitazungusha," nikamujibu.

"Mikono iko mingi," akasema.

Na kweli. Siku tatu robine ilikauka kabisa, wanawake wakateremuka korongoni, na siku ya ine asubuhi maji iliruka mupaka inarusha mawe madogo. Ilikuwa nzuri. Mutu asiyejua angelipiga makofi.

Ulrich alifika kwangu saa tano. Alikaa juu ya kiti kidogo cha Agathe, kibegi chake ku kifua. Nyuma yake Polycarpe, na nyuma ya Polycarpe majirani, labda nane, na bidon zimejaa, zinatonatona. Kati yao kulikuwa mama mwenye alimuosha Agathe. Wote waliniangalia. Carmel alikuwa amesimama ku barabara, ng'ambo ya mufereji, kwa sababu sheria haimuruhusu kukaribia zaidi.

Ulrich aligeuka, akamwomba Polycarpe asogee. Polycarpe alisogea hatua moja. Hatua moja ya chef ni kama hakusogea.

"Muzee Bruno," Ulrich akasema, "karatasi ya leo iko na fasi ya kueleza. Chukua wakati yako. Miye nitangojea."

Niliangalia bidon ya manjano ku kona. Niliangalia mikono yangu.

Alifungua kalamu, akasoma ulizo la kwanza polepole, kama vile hajawahi kusikia mutu akilijibu:

"Maji inapatikana kila siku?"